Mtoto wa Nani, na Daftari Liko Wapi?

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi. Umeniuliza kwa simu kama familia iweke fedha za kahawa kwa yule bwana aliyefungua ofisi hapo kwetu Bwera, anayelipa faida kila mwezi. Hoja yako ilikuwa kwamba ni Mkonzo mwenzetu, anasali, na kwao tunakujua. Nimeona nijibu kwa barua, kwa kuwa swali hilo nalisikia huku pia, kila Jumapili baada ya ibada.

Nilipopanga nyumba hapa, hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mwenye nyumba alitazama alama zangu za mkopo, namba kati ya 300 na 850 inayoonyesha mtu analipaje madeni yake, akaamua. Aliyefika juzi hana namba hiyo, hata awe mwaminifu namna gani. Mtu aliyeendesha duka kwetu Kasese miaka mingi bila kudaiwa shilingi anaweza kunyimwa hata simu ya kulipia kidogo kidogo. Utaratibu huo unawaumiza wageni, nao ndio unaowasukuma warudi kwa watu wao: wa lugha moja, wa kanisa moja, wa wilaya moja.

Matapeli wanatusubiri hapohapo. Mwaka 2022 alikamatwa New York mwanzilishi wa EminiFX, kampuni iliyokusanya zaidi ya dola milioni 240 kwa ahadi ya faida ya asilimia 5 kila wiki. Waliompa fedha wengi wao walikuwa Wahaiti wenzake. Walisikia lugha yao, wakaona muumini mwenzao, wakatoa walichovuna katika zamu za usiku. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 9. Nawe unaikumbuka Dunamiscoins, kampuni iliyofunga milango yake Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya Waganda wakilia nje ya ofisi zilizofungwa.

Unasema shemeji ameshalipwa miezi miwili na bwana huyo wa Bwera. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Katika biashara za namna hii wa kwanza hulipwa kweli, kwa fedha za wanaofuata, ili wakatangaze sokoni na kanisani. Shemeji hasemi uongo hata kidogo. Amepokea fedha za jirani bila kujua.

Sisi Wakonzo tuna udhaifu mwingine. Majina yetu yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila ukoo una Masika wake, Mumbere wake, Baluku wake. Anayepiga simu usiku na kusema, “Ni mimi Bwambale, nimekwama mpakani Mpondwe, nitumie kidogo,” hahitaji kukujua, maana ni familia gani isiyo na Bwambale? Kabla ya kutuma chochote kata simu, mpigie Bwambale wako kwa namba unayoijua. Ndugu wa kweli hatakasirika.

Sasa nikupeleke kwa mama zetu, maana wao jambo hili la kumwamini mtu walilimaliza zamani. Kikundi chao cha akiba kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote wameketi. Kila hisa inapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwenyewe, na kabla ya kuagana salio linatangazwa kwa sauti ili kila mmoja alishike kichwani, hata asiyejua kusoma. Mkutano unaofuata unaanza kwa kulitaja salio hilo na kuhesabu fedha. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE, ukafika hadi vijijini kwetu. Wanaoketi pale ni mashangazi, mawifi na majirani waliozikiana wazee. Wanapendana, na kufuli bado ni tatu. Mshika ufunguo haoni kwamba ametukanwa, kwa kuwa siku hesabu ikipungua kufuli hizo ndizo zitakazomtetea.

Milimani Kyarumba walilipeleka jambo hili la kuonyeshana hesabu hadi ndani ya nyumba. Zamani mume na mke walikuwa wakiviziana shambani, kila mmoja akichuma kahawa mbichi kwa siri auze kabla mwenzake hajaiuza. Kahawa ikaharibika, bei ikaanguka, na wote wawili wakapoteza. Katika ushirika wa Bukonzo Joint, wakulima waliketi wakachora kwenye karatasi nani anapalilia, nani anachuma, nani anauza na nani anabaki na fedha. Michoro ile iliwaumbua wanaume wengi. Lakini nyumba zilizokubali kuitazama zilianza kungoja kahawa iive, na wapo waliokubali jina la mke liandikwe kwenye hati ya shamba. Mimi naliheshimu sana jambo lile, kuliko hotuba zote za maendeleo nilizowahi kusikia.

Kwa hiyo nenda kwa huyo bwana, na usiende peke yako. Nenda na wifi, na mmoja wa wale mama wenye ufunguo. Mwulizeni faida inatoka katika biashara gani, na mkaione. Mwombeni leseni, kisha msome inaruhusu nini: cheti cha kusajili kampuni hakimpi mtu ruhusa ya kupokea amana za watu, na leseni ya kukopesha inayotolewa na UMRA, mamlaka inayosimamia mikopo midogo, haimpi pia. Ruhusa hiyo ya amana mtu kama yeye huipata kwa Benki Kuu ya Uganda. Halafu shemeji aombe fedha yake yote, mtaji pamoja na faida, siku hiyohiyo. Akiambiwa asubiri, au aiongeze kwanza, ondokeni.

Fedha za kahawa ziache zilipo mpaka mtakaporudi. Nipigie mkishatoka ofisini kwake, hata kama huku ni usiku wa manane. Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu nimempa mgeni anayesafiri, na namba ya mgeni huyo nitamtajia mwenyewe kwa sauti yangu.

Ndugu yako,
Waltham