Usimwage Mbegu Zote kwa Mvua Moja



Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Wenzetu wa Pwani na wa Kilimanjaro wana vuli na masika. Wakikosa ile, wanangoja hii. Sisi hatuna ya pili ya kungoja. Mvua yetu huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba, nayo huisha Aprili. Kwa mwaka mzima, Dodoma mjini hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600. Hayo si maji mengi. Kwa sababu hiyo juma la kwanza la mvua ni juma kubwa kwetu. Katika juma hilo mtu hutoa mbegu ndani ya nyumba yake na kuipeleka shambani. Ikishatoka hairudi.

Nataka kukueleza juma hilo lilivyo. Kazi yangu ni bwana shamba wa kata, na nimeona majuma mengi ya namna hiyo, kwa zaidi ya miaka 20. Hayafanani kabisa mwaka hata mwaka. Lakini mwenendo wao ni mmoja, na ukiujua hutashangaa.

Siku mbili tatu za mwanzo ni za joto kali. Mchana joto hupita nyuzi 30. Udongo mwekundu huunguza miguu. Ng'ombe husimama chini ya mgunga na hawataki kwenda malishoni. Watu huniuliza, "Bwana Shamba, mbona jua limezidi na mvua inakaribia?" Ndivyo inavyokuwa. Mwanzoni mwa Oktoba jua la saa 6 mchana hupita juu ya vichwa vyetu, likielekea kusini. Mvua hulifuata nyuma, lakini huchelewa. Ardhi hupata moto kwanza. Hewa yenye moto hupanda juu, na pepo zenye unyevu huingia mahali pake. Nyingine hutoka baharini, upande wa mashariki. Nyingine hutoka magharibi, kwenye misitu ya Kongo. Hizo za Kongo zikitufikia, mvua huwa ya uhakika zaidi.

Wazee wana dalili zao. Mbuyu ukianza kutoa majani mabichi wakati nchi yote ni kavu, wao husema mvua i karibu. Mimi siwacheki. Mbuyu huweka maji katika shina lake, na kwa maji hayo hutoa majani kabla ya mvua kufika. Basi mbuyu unakuambia kwamba majira yamebadilika. Haukuambii kama mvua itanyesha kesho au baada ya majuma mawili. Hapo ndipo watu wanapokosea.

Katika siku hizo za joto, fanya kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4. Pumzika kivulini. Rudi shambani saa 10 jioni. Kunywa maji hata kama husikii kiu, na uwape watoto na wazee. Mtu akiumwa kichwa shambani, akasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mpeleke kivulini upesi, mlowanishe kwa maji, mpepee. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, usingoje. Mpeleke zahanati.

Jioni sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku, nayo hutoa pia utabiri wa msimu mzima kabla mvua hazijaanza. Lakini ni lazima ujue maana ya maneno yao. Wakisema "mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua", usidhani kwamba kijiji chako kimo katika machache hayo. Maana yake ni kwamba mahali pengi hapatapata kitu. Mvua zetu za Desemba hutoka katika wingu moja moja. Wingu laweza kunyesha upande huu wa kilima, na upande wa pili vumbi likabaki vumbi. Nimepanda baiskeli katika mvua, na baada ya kilomita mbili nikakuta watu wanafagia uwanja mkavu. Wakisema mvua za msimu zitakuwa "za wastani", wanasema juu ya jumla ya miezi yote. Hawakuahidi kwamba hakutakuwa na siku 15 za ukame katikati. Jumla yaweza kuwa nzuri na mtama wako ukafa.

Basi siku ya nne au ya tano mchana, wingu jeusi hupanda. Kwanza huja upepo wenye vumbi, wenye nguvu ya kung'oa bati lisilopigiliwa vizuri. Halafu radi. Ukiona umeme, anza kuhesabu pole pole: moja, mbili, tatu. Kila hesabu ya tatu ni kilomita moja hivi. Ukisikia ngurumo kabla hujafika 30, radi hiyo yaweza kukufikia. Ingia ndani ya nyumba. Usisimame chini ya mti, hasa mti mrefu ulio peke yake. Jembe usilibebe begani. Na korongo, hata kama hapo ulipo hapajanyesha tone, usilivuke likianza kutoa maji. Maji hayo yametoka milimani, na yanayofuata nyuma ni makubwa kuliko unayoyaona. Majirani zetu wa Manyara hawatasahau tarehe 3 Desemba 2023. Asubuhi ile matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Lakini mara nyingi mvua ya kwanza hapa kwetu si ya kuua watu. Hunyesha kwa nusu saa au saa moja, inapiga kelele nyingi juu ya bati, na inakwisha. Usiku kumbikumbi hutoka, watoto huwakimbilia kwenye taa. Hewa inanukia udongo. Hakuna asiyefurahi.

Na kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, utasikia majembe.

Asubuhi ya namna hiyo nilimkuta bibi mmoja njiani, na mjukuu wake nyuma amebeba debe la mbegu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Leo hatuna nafasi ya mazungumzo, mvua imenyesha." Nikamwomba anionyeshe shamba lake kwanza. Tulipofika nilichukua jembe nikachimba shimo dogo, upande wake mmoja umesimama wima kama ukuta. Nikamwita akaangalie. Udongo wa juu ulikuwa na rangi ya giza, umelowa, unashikana mkononi. Chini yake ulikuwa mwekundu na mkavu kama wa Septemba. Alipima ule uliolowa kwa mkono wake. Ulikuwa vidole vinne.

"Na kelele zote zile za jana?" akauliza.

Kelele ni za bati, ndugu msomaji. Mvua ya vidole vinne katika udongo wetu wa kichanga ni kiasi cha milimita 8 hivi. Tufanye hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Eka moja ina mita za mraba kama 4,000. Basi milimita 8 ni lita 32,000 katika eka moja, yaani mapipa 160 ya lita 200. Ni maji mengi, si ndiyo? Lakini jua la Desemba, pamoja na upepo, laweza kunyonya milimita 5 kwa siku moja kutoka katika udongo uliolowa. Hiyo ni mapipa 100. Kesho yake yamebaki 60, na kesho kutwa huna kitu.

Sasa angalia mbegu. Mtama huota kwa siku tatu hadi tano. Mahindi huchukua siku tano hadi saba. Mbegu uliyoipanda juu juu katika vidole vinne vile inakunywa maji, inavimba, inapasuka, inatoa mzizi. Mzizi unashuka kutafuta maji na unakuta udongo mkavu. Hapo mbegu imekufa. Haiwezi kukauka tena na kungoja, maana imeshaanza maisha. Nyingine huchomoza, na siku ya saba ya juma jua linakuwa lile lile la siku ya kwanza. Udongo wa juu hufanya gamba gumu. Majani hujikunja asubuhi, halafu huwa manjano.

Jirani yangu mmoja alipanda mara tatu katika msimu mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa mbegu yake. Mara ya pili alinunua, na bei ilikuwa imepanda kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta. Mara ya tatu alikopa debe moja kwa ahadi ya kulipa mawili. Alivuna, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya mavuno ilikwenda kulipa deni.

Kanuni ninayowaambia watu ni hii. Ngoja mvua ya milimita 20 au zaidi, iliyonyesha kwa siku moja au kwa siku mbili tatu mfululizo. Katika kichanga maji hayo hushuka shubiri moja. Kama huna kipimo, chimba, kama tulivyofanya kwa yule bibi. Shubiri imelowa? Panda. Haijalowa? Ngoja. Ukitaka kipimo, chukua kopo ambalo pande zake zimesimama wima na kitako chake ni bapa. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta, ulizungushie mawe lisianguke. Saa 3 asubuhi chovya rula ya shule ya mtoto wako hadi chini. Milimita unazozisoma ndizo milimita za mvua. Andika katika daftari tarehe na kiasi, kisha mwaga maji. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Miaka mitano ya daftari hilo, kwa shamba lako, ni mali ambayo hata mimi sina.

Kuna wanaonijibu kwamba babu zao walipanda kabla ya mvua, tena katika udongo mkavu. Ni kweli, na walikuwa na akili. Lakini walipanda mtama na uwele, na mbegu waliifukia chini kidogo. Mvua ndogo ya vidole viwili haikuifikia, nayo ililala salama mpaka mvua ya kweli. Hiyo ni tofauti kabisa na kutupa mbegu juu ya udongo uliolowa nusu. Hatari iko katika kulowa nusu.

Mimi napenda mbegu igawanywe mafungu matatu. Fungu moja la mtama au uwele lipandwe katika ukavu. Fungu la pili lingoje shubiri. La tatu libaki ndani ya debe, na debe lifungwe, hata kama mvua inakutamanisha. Eka moja ya mtama inataka kilo 3 hadi 4 tu. Fungu la akiba si mzigo.

Na mahindi? Najua ugali wa mahindi unapendwa. Lakini Dodoma mwezi wa Februari huwa na kawaida ya kukatisha mvua, na mara nyingi ndipo mahindi yanapotoa mbelewele na nywele. Yakikosa maji siku hizo, utapata magunzi matupu. Mtama hujikunja, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Panda mahindi kidogo penye unyevu, si zaidi. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta makubwa kulima karanga katika maelfu ya eka. Udongo uliwashinda ulipokauka, na mvua haikufuata mipango yao. Mwaka 1951 waliuacha mpango wao. Matrekta hayakuwasaidia kitu.

Yule bibi aliangalia shimo, akaangalia debe, akaangalia mbingu. Majirani zake walikuwa wanapanda pande zote mbili. Si jambo rahisi kukaa bure wakati jirani anapanda, nami sikumlaumu kwa kusitasita. Mwishowe alimwambia mjukuu arudishe debe nyumbani. Yeye alibaki akipalilia mipaka na kuchimba mifereji ya kuzuia maji yasikimbie shambani. Hiyo ni kazi nzuri ya siku ya kungoja. Maji yanayokimbilia korongoni hayamsaidii mtu.

Mvua ya pili yaweza kuja baada ya siku tatu, au kumi. Ikija na ikafika shubiri, anza na shamba la kichanga, maana hapo maji hushuka upesi na jembe huingia. Shamba la mbuga, lenye udongo mweusi, liache kidogo. Udongo ule hutaka mvua nyingi zaidi kabla ya kulowa chini, na ukiuingia mapema unaganda kwenye jembe na kwenye miguu. Chimba huko pia kabla hujapanda, na upime mahali pawili au patatu, si pamoja.