Matokeo Yanajulikana na Nani?



Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mtihani wa darasa la saba unapokaribia, hapa Mpanda utasikia watu wakisema juu ya mtoto: "Huyo matokeo yake yanajulikana." Mwingine husemwa hivyo kwa sifa, mwingine kwa dharau, tena mwenyewe akisikia.

Waingereza nao wana msemo wa maana hiyo. Unatokana na tamthilia ya Shakespeare iitwayo Othello, iliyoandikwa miaka 400 na zaidi iliyopita. Humo Othello anaelezwa ndoto ya mtu, naye anaichukua kuwa ni ushahidi kwamba mkewe amekwisha kumfanyia hiana. Akamuua. Kumbe mke hakuwa na kosa. Ilikuwa fitina ya Iago. Basi msemo wenyewe ulizaliwa katika hukumu ya uongo!

Tutazame na mji wetu. Reli ya kutoka Kaliua hadi hapa ilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mpita njia wa siku zile angeweza kusema kuwa habari ya Mpanda imekwisha. Lakini mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Na anayejiona ameshinda kabla ya wakati akumbuke Hunayn, mwaka wa 8 Hijria. Waislamu walikuwa wapatao 12,000, na wingi wao ukawafurahisha. Walipovamiwa bondeni, wengi walirudi nyuma. Mtume (S.A.W.) alisimama imara, na Mwenyezi Mungu akateremsha utulivu na nusura. Habari hii imo katika Suratut Tawba, aya ya 25 na 26. Wahenga wetu nao walisema, kutangulia si kufika.

Mzazi mmoja aliwahi kunijia akitaka binti yake aache masomo ya jioni akauze maandazi, kwa kuwa "matokeo yake yanajulikana". Nilimuuliza: yanajulikana na nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Na Mungu, mwalimu." Nikamwambia, basi tumwache mtoto asome, kwani Mwenyezi Mungu hajatuonyesha. Binti akaendelea kuja na daftari lake mpaka siku ya mtihani.

Naam, matokeo yanajulikana, lakini kwa Allah (S.W.) peke yake. Sisi tumefichwa ili tufanye juhudi. Wewe uliyesifiwa, usilale. Wewe uliyedharauliwa, usifunge kitabu. Nanyi wazazi, chungeni ndimi zenu mbele ya watoto. Neno la mzazi huingia moyoni likakaa. Kwa jambo la kesho tuseme inshaallah, kisha tufanye kazi leo.

Wabillahi tawfiq.