Kunyamaza kwa Buck Weaver

Twasema fulani kanyamaza, fulani kasitiri, fulani kaficha. Na mwenye sikio la Kiswahili hayachanganyi maneno hayo. Mwenye kusitiri husifiwa, mwenye kuficha hulaumiwa, na mwenye kunyamaza hungojea watu wamwamulie ni yupi kati ya hao wawili. Aghalabu nikiyafundisha hukumbuka kisa cha Buck Weaver, mchezaji wa besiboli wa Chicago.

Mwezi wa Oktoba, 1919, White Sox ya Chicago ilikutana na Reds ya Cincinnati kugombea ubingwa wa Marekani. Wengi walidhani Chicago itashinda bila taabu. Lakini katika mchezo wa kwanza mtupaji wake, Eddie Cicotte, alimpiga kwa mpira mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, na yasemekana kuwa ndiyo ishara waliyokuwa wakiingojea wacheza kamari. Cincinnati walishinda siku ile 9 kwa 1, na hatimaye wakatwaa ubingwa kwa michezo mitano dhidi ya mitatu.

Mwaka 1920 siri ilifichuka. Cicotte alikiri kupokea dola 10,000, na Joe Jackson, mpigaji hodari, dola 5,000. Wachezaji wanane walishtakiwa.

Weaver alikuwa mmoja wao. Aliketi barazani njama ilipozungumzwa, akasikia, akatoka mikono mitupu. Kisha akacheza kama mtu aliyetaka kushinda: katika zamu 34 zilizohesabiwa za kupiga, mara 11 pigo lake lilimfikisha kituoni. Ila hakumwambia mkubwa yeyote.

Tarehe 2 Agosti, 1921, mahakama iliwaachilia. Kesho yake Jaji Landis, kamishna wa mchezo, aliwafukuza wote maisha, akieleza kwamba hata aliyekaa na wala njama asitoe habari mara moja hana nafasi tena. Sisemi Landis aliliona kosa pasipokuwa na kosa. Maelfu walitoa fedha zao kutazama mashindano ya kweli, nao walifichwa. Lakini rafiki zake je? Kwao Weaver alisitiri. Tendo ni moja, majina mawili, na hakimu mwenye haki angeyasikia yote mawili kabla ya kupima adhabu. Kumtoza asiyepokea senti sawasawa na aliyepokea dola 10,000 ni mizani mbovu, hata kama aliyeishika ni jaji.

Weaver aliomba arudishwe tena na tena, hata akafa Chicago mwaka 1956, jina lake lingali katika orodha ya waliokatazwa. Mwaka 2025 kamishna mwingine aliamua kwamba adhabu ya maisha hukoma mtu afapo, akawaondoa marehemu orodhani. Weaver akatoka siku moja na Cicotte, kama walivyoingia.