Barua kwa mpwa wangu anayenyanyua vyuma

Kiambi

Mpwa wangu mpendwa,

Huku kwetu kwenye ukingo wa mto Luvua mihogo imekubali mwaka huu. Mama yako amenipigia simu analalamika kwamba tangu uanze kunyanyua vyuma na wenzako huko Kalemie, bukari haikai sufuriani. Mimi nimefurahi. Acha ule.

Uliniuliza kwa nini wabeba magunia wa bandarini wanabeba kutoka asubuhi hadi jioni, lakini vifua vyao havijai kama vya vijana unaowaona kwenye simu. Swali hilo ni zito kuliko unavyodhani. Gunia la leo ni lile lile la jana na la mwaka jana, na mwili ukishalizoea hauoni sababu ya kujiongeza. Tena mbeba mizigo hapumziki: kesho alfajiri yuko pale pale, na mara nyingi tumbo halijashiba. Misuli haijengwi wakati wa kunyanyua. Hujengwa baadaye, ukiwa umekula na kulala, baada ya kuisumbua kwa uzito usiouzoea. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliwatibu askari walioumia magoti wakati wa vita kuu ya pili. Badala ya kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia-rudia, aliwapa uzito mkubwa uliokuwa ukiongezwa kadiri nguvu zilivyorudi, na magoti yakapona upesi. Aliyaandika hayo mwaka 1945. Wanaofundisha kunyanyua vyuma hadi leo wanasimama juu ya neno hilo moja: kuongeza.

Sasa, kile chuma chenu nimekiona kwenye picha uliyotuma. Bomba, na kila upande kopo la maziwa lililojazwa saruji. Kopo la kushoto limejaa hadi mdomoni, la kulia limepungua vidole viwili. Ukinyanyua hivyo kila siku, bega moja linafanya kazi ya mawili. Isitoshe, saruji ikishakauka huwezi kuiongeza kidogo-kidogo. Tafuta mabido mawili ya lita 20. Lita 1 ya maji ina kilo 1, kwa hiyo unaweza kuanza na lita 8 kila upande, wiki ijayo ukatia 9, na hakuna atakayekudanganya kuhusu uzito. Hakikisha tu yamejaa sawasawa na vifuniko vimebana.

Siku 3 kwa wiki zinatosha, na katikati yake pumzika. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2. Chuchumaa na uzito, uinue kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, usukume juu ya kichwa, kisha jivute kwenye tawi la mwembe. Mizunguko 3, kila mmoja mara 8 hadi 12. Zikifika 12 bila taabu, ongeza maji. Na usiiruke siku ya miguu! Vijana wengi wana kifua cha simba juu ya miguu ya korongo.

Wiki za kwanza utanyanyua zaidi lakini kioo hakitaonyesha kitu. Ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamrisha misuli. Nyama yenyewe huonekana baada ya miezi. Hapo ndipo wengi huacha. Malaria nayo ikikulaza, usirudi kwenye uzito uliouacha. Anza chini, upande tena.

Chakula: bukari ya mihogo inatia nguvu za kufanya kazi, lakini protini yake ni kidogo sana. Mtu anayejenga misuli anahitaji karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Wewe mwenye kilo 60 unatafuta gramu 96 kwa siku. Ndagala wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, nao mko nao hapo ziwani, wakati sisi tunawangojea waje juu ya pikipiki. Tia na maharagi, karanga, yai likipatikana. Usinunue kopo la unga wa kizungu kwa fedha ya karo.

Kimbia pia. Mwaka 1974 pale Kinshasa, bondia George Foreman alikuwa na ngumi nzito kuliko za Muhammad Ali, lakini raundi ya 8 pumzi ilikuwa imemwishia, akaangushwa.

Nimeliacha mwisho jambo linaloninyima usingizi. Mama yako amesema wenzako wanameza vidonge vya deksa ili wanenepe. Nisikilize vizuri. Deksametasoni ni dawa ya kweli, mganga huitoa kwa magonjwa yake, lakini haijengi misuli hata kidogo, inaila. Kinachovimba ni uso na tumbo, kwa maji na mafuta, huku mikono na mapaja yakikonda, mifupa ikidhoofika na sukari ikipanda katika damu. Ni kinyume kabisa cha unachokitolea jasho. Mtu akimeza hivyo muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ambayo mwili hauwezi kukaa bila hiyo, na akiacha ghafla anaweza kuanguka, hata kufa.

Kama bado hujaonja, usionje. Kama umeshameza kwa wiki kadhaa, usivitupe leo kwa kuniogopa mimi: nenda hospitali, mwambie mganga ukweli wote, akupunguzie taratibu. Kisha nipigie simu. Sitakugombeza.

Mimi mjomba wako.