Anti-A Kabla Haijafika Mezani

Miaka ya 1980 antisera za kupima makundi ya damu zilitufikia kwa gari la kawaida, ndani ya kasha ambalo barafu yake aghalabu ilikuwa imeshayeyuka. Anti-A ya bluu, anti-B ya njano, anti-D haina rangi. Lebo ilisema muda wa matumizi bado, lakini Mama aliyesimamia meza ya damu hakuitazama. "Mwanangu, zimua kwanza."

Basi tunapanga mirija midogo ya kioo, kila mmoja na maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tunaizimua antisera nusu kwa nusu: 1:2, 1:4, 1:8, hadi 1:1024. Kila mrija na pipeti yake. Mvivu wa kubadilisha pipeti hubeba ukali wa mrija wa kwanza mpaka wa mwisho, na dawa iliyochoka ikaonekana nzima. Kisha seli nyekundu zilizooshwa: za A1, za A2, na za O ziwe shahidi, maana hizo hazitakiwi kushikamana kabisa. Tunasubiri, tunazungusha kwenye mashine, tunatikisa taratibu mbele ya taa.

Mirija ya mwanzo haina ubishi. Seli zimekuwa bonge moja. Kazi iko mwishoni, panapobaki vijichenga kama vya unga usiochekechwa vizuri. Hapo mwenye haraka huona chenga pasipo na kitu. Mama alitaka watu wawili wasome, kila mmoja aandike bila kumsikia mwenzake.

Anti-A yetu ilitakiwa ifike 256 kwa seli za A1. Kwa A2 tulikubali pungufu, ila tulizitazama kwa makini zaidi: antisera dhaifu humfanya mtu wa A2B aonekane B, na mwenye A hafifu aonekane O. Damu ya huyo wa pili akipewa mgonjwa wa O, ni balaa.

Baadaye zikaja antisera za monokloni, matunda ya mbinu ya Köhler na Milstein ya 1975, badala ya zile za plazma ya watu. Wenzetu wakadhani kuzimua kumekwisha. Mimi sikuona sababu. Joto la safarini halijui antisera imetoka wapi.

Mtunza stoo alichukia tulipomrudishia chupa iliyoishia 32.

"Mama, hii haijapitwa na muda!"

"Najua, baba. Njoo usome mwenyewe."

Akasoma, akatia saini fomu ya kurudisha.