Kuwasomea Watoto Maisha ya Wangari

Mtu aandikaye maisha ya mwenzake kwa ajili ya watoto ana kazi mbili zilizo ngumu kupatana. Ya kwanza ni kuandika kwa wepesi, ili mtoto asichoke. Ya pili ni kuandika kwa kweli, ili mtoto asidanganyike. Aghalabu ya kwanza huishinda ya pili. Mambo machungu huondolewa, kama mama aondoavyo miiba katika samaki wa mwanawe, yakabaki matamu matupu. Nimelifikiri sana jambo hili kwa sababu ya vitabu viwili juu ya Wangari Maathai nilivyowasomea watoto wa jamaa zangu, kimoja Kitale na kingine Bungoma.

Vijana wengi mnamjua Wangari kwa jina na sifa. Hata hivyo, si vibaya kuyataja maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mgumo mkubwa na kijito cha maji safi, na mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa heshima. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma elimu ya viumbe. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo. Aliporudi kijijini aliukuta mgumo umekatwa na kijito kimekauka. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miche saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement, ambayo wanachama wake wamepanda zaidi ya miti milioni 30. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011.

Kitabu nilichosoma Kitale huitwa Mama Miti. Kiliandikwa na Donna Jo Napoli na kutolewa mwaka 2010. Ndani yake wanawake humwendea Wangari mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake: huyu hana kuni, yule mifugo yake haina malisho. Wangari humpa kila mmoja mche unaofaa shida ile. Watoto wa ndugu yangu walikipenda mno. Kesho yake asubuhi waliizunguka shamba ya baba yao, katikati ya mahindi, wakiihesabu miti kwa faida zake: huu wa kivuli, huu wa kuni, huu wa dawa. Hapana shaka kitabu kile kimesema kweli. Wangari aliamini kwamba mwanamke wa shamba aweza kuotesha miche bila cheti cha ofisa wa misitu, na kina mama walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi.

Kitabu cha pili kiliandikwa na Jeanette Winter mwaka 2008. Nilikichukua nilipokwenda Bungoma kumzuru dada yangu. Hicho nacho kina miche na kina mama, lakini kina ukurasa mmoja ambao Mama Miti hakina: Wangari anapigwa marungu, kisha anatiwa gerezani. Nilipofika hapo binti wa dada yangu alinishika mkono. "Mjomba," aliniuliza, "walimpigia nini, naye alikuwa akipanda miti tu?" Dada yangu, aliyekuwa akichambua mboga, aliinua macho akasema, "Kaka, hayo ni mazito kwa mtoto. Pitisha ukurasa."

Sikuupitisha. Nilimwonyesha mtoto Mlima Elgon, ambao kwa hali ya uwazi huonekana kutoka kwao. Kimo chake ni mita 4,321, na misitu yake huipokea mvua na kuiachilia kidogo kidogo, hata mito hupata maji wakati wa kiangazi. Mto Kuywa hushuka kutoka huko ukaingia Nzoia, na Nzoia hufika Ziwa Victoria. Msitu ukiondolewa, mvua hushuka mbio na udongo wetu. Watu wa Budalangi, walio mwisho wa mto, huona mafuriko, na sisi wa juu huona ukame. Kisha nilimwambia kwamba mti husimama juu ya ardhi, na ardhi hutamaniwa na wenye nguvu. Mwaka 1989 Wangari alipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akatukanwa hadharani, na jengo lile halikujengwa. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda kupanda mti katika msitu wa Karura, uliokuwa umegawiwa watu binafsi, akapigwa hata kichwa kikapasuka.

Mtoto alinyamaza kidogo. Nilidhani ameogopa, na dada yangu alidhani hivyo pia. Kumbe alikuwa anafikiri. Aliuliza, "Na baada ya kupigwa, alirudi?" Nilimjibu kwamba hakuiacha kazi yake, na kwamba Karura ni msitu hata leo, watu huingia wakatembea chini ya miti yake. Alisema, "Basi endelea."

Swali lile ndilo lililonionyesha faida ya ukurasa mchungu. Mtoto aliyeambiwa kwamba wema hupokewa kwa shangwe tu ataacha siku atakapochekwa mara ya kwanza. Aliyeambiwa gharama yake mapema atajua kwamba kuchekwa ni sehemu ya njia. Kitabu cha kwanza kilifunza watoto wa Kitale mti una faida gani. Cha pili kilimfunza mtoto wa Bungoma mti una gharama gani. Sasa huvisoma vyote viwili pamoja, kwa kuwa kila kimoja kina nusu ya mafunzo.

Limebaki jambo moja. Vitabu vyote viwili viliandikwa na waandishi wa Marekani kwa Kiingereza, nami hulazimika kuvifasiri sentensi kwa sentensi, mtoto akingoja. Waandishi wale wanastahili shukrani. Lakini Shaaban Robert hakungoja mgeni aandike maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja; aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Ninyi mlio shuleni leo mnayo lugha ile ile na kalamu. Mkiandika maisha ya Wangari, au ya mama yeyote wa kijijini kwenu aliyelinda chemchemi au kichaka, andikeni yote, pamoja na siku aliyopigwa.