Taa Tatu za Jahazi la Mjomba

Jahazi lenyewe halikuzidi urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mjomba wangu, baharia mstaafu wa Lamu, alilichonga juu ya meza yetu ya kulia katika mtaa wa Fedha, Nairobi, miezi minne aliyokaa nasi akihudhuria kliniki ya macho. Ugonjwa wake ni ule ambao watu huuita presha ya macho. Humnyang'anya mtu uwezo wa kuona kuanzia pembeni kuelekea kati, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Yeye alisema tu, kwa Kiamu chake, "Mato yamechoka." Mkuku, mataruma, mlingoti na foromali alivipima kwa vidole kuliko kwa macho, na tanga akalishona kwa kipande cha marekani. Hakuniomba msaada hata mara moja mpaka alipotaka taa.

"Mwanangu," aliniambia, "rangi bado naziona. Nitilia taa: nyekundu, kijani, na nyeupe ya tezi."

Nilikubali upesi, na kwa majivuno. Ilikuwa Jumamosi, Jumatatu alikuwa na safari ya basi kurudi kwao. Nikapanda matatu hadi mjini, barabara ya Luthuli, ambako wakaazi wa Nairobi hununua redio, spika na kila aina ya vikorokoro vya umeme. Nikarudi na vitaa vitatu vya LED, betri ya volti 9, swichi, waya, na rezista moja ya omu 470. Rezista moja kwa kuwa betri ni moja, ndivyo nilivyowaza.

Usiku huo nililehemu kila kitu kama nilivyoona kwenye video ya Kiingereza, ambayo kwa hakika nilikuwa nimeitazama nusu. Nikawasha. Nyekundu ikang'aa vizuri. Kijani na nyeupe, kimya.

Sitamchosha msomaji kwa kumsimulia yote niliyoyafanya hadi saa saba za usiku. Nilibadilisha betri. Niligeuza miguu ya vitaa, ingawa nilijua kwamba mguu mrefu ndio wa upande chanya na sikuwa nimekosea. Niliyeyusha lehemu na kuiweka upya, nikaunguza kidole gumba na, la kusikitisha zaidi, pembe ya tanga. Mjomba alikuwa ameketi kando akisikiliza, kwa maana kutazama hakungemfaa. Hatimaye akauliza kuna nini.

Nikamjibu kwa sentensi ndefu ambayo viambishi vyake tu ndivyo vilivyokuwa vya Kiswahili. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Kiswahili, niliyekuwa nimewasilisha insha ya kurasa 15 kuhusu uundaji wa istilahi majuma machache tu yaliyotangulia!

Mzee alinyamaza kidogo. "Sikukufahamu," akasema. "Niambia kama unavyomwambia mtu aliye chomboni."

Ikanibidi nianze upya. Nikamwambia: chukulia betri ni pipa la maji lililoinuliwa juu. Rezista ni mfereji mwembamba unaoyapunguza maji yasije yakavunja vitu huku chini. Mwisho wa mfereji kuna hodhi moja, na vitaa ni matundu matatu ubavuni mwake. Taa haiwaki mpaka maji yafike kwenye tundu lake. Nyekundu huhitaji takriban volti 2. Kijani na nyeupe, takriban volti 3.

Hapo sikuwa nimemaliza. Nilitaka kumweleza kwamba mwanga mwekundu una nguvu ndogo kuliko wa kijani au buluu, na ndiyo sababu LED nyekundu ya Nick Holonyak ilipatikana mwaka 1962, ilhali buluu yenye mwanga mkali ilisubiri hadi miaka ya 1990, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Nyeupe tuionayo madukani aghalabu ni hiyo buluu iliyopakwa unga wa kuibadilisha rangi. Lakini mjomba alikwisha kunikatiza.

"Basi maji hayafiki juu," akasema. "Yanatokea tundu la chini yote. Ziba la chini, uone."

Nikaachilia waya wa nyekundu. Kijani na nyeupe zikawaka papo hapo.

Hakuna kilichokuwa kibovu. Nyekundu ilikuwa ikiishikilia volti kwenye kiwango chake, na wenzake hawakupata kamwe kile walichokihitaji. Kila taa ilitaka mfereji wake. Jumapili asubuhi niling'oa rezista mbili kutoka kwa redio iliyokufa zamani. Mistari yake ilikuwa ya manjano, zambarau na kahawia, yaani omu 470 zile zile. Kwa hesabu, nyekundu sasa ingepata miliampea 15 hivi, na kila moja ya zile mbili ingepata 13. Nikawasha. Zote tatu.

Nikamwekea jahazi mbele yake, omo ikimwelekea. Akaliinamia karibu sana. "Nyekundu umeitia kulia," akasema.

Nilikuwa nimehesabu nikiwa nimelikabili jahazi, kana kwamba linanijia, badala ya kusimama ndani yake nikitazama omo. Kwa sheria za kimataifa za mwaka 1972, nyekundu ni ya kushoto na kijani ya kulia, kila moja ikimulika nyuzi 112.5, na nyeupe ya nyuma nyuzi 135. Mzunguko mzima ukagawika. Nikamwuliza, kwa ule udadisi wa mwanafunzi wa lugha, kwa nini hasemi joshi na demani. Akacheka. Joshi ni upande utokako upepo, akasema, na upepo ukigeuka joshi huhama. Taa haiwezi kuhamahama.

Nilihamisha waya. Jioni tukapanda darini, penye kamba za kuanikia nguo, maana alitaka giza. Ndege zilikuwa zikiinuka uwanjani Embakasi na taa zao hizo hizo, nyekundu kushoto, kijani kulia, ambazo usafiri wa anga uliazima baharini. Sikumwonyesha, kwani zilikuwa mbali mno kwake. Nililiweka jahazi juu ya beseni lililopinduliwa, hatua mbili kutoka aliposimama.

"Geuza," akasema.

Nikageuza.

"Nyekundu. Linapita kwenda kushoto kwangu. Geuza."

Nikageuza tena, pasipo kusema kitu.

"Nyeupe. Limeniacha. Geuza."

Safari hii nililizungusha polepole zaidi. Akakawia. Nikadhani hakuona, nikawa tayari nimenyoosha mkono nilisogeze karibu.

"Wacha," akasema. "Zote mbili. Linanijia."